Mgeni Aliyeachwa Mlangoni

Habari za msiba zilinifikia Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza uji. Aliyepiga simu alikuwa binti mkubwa wa marehemu. Kwa kuwa amelelewa vizuri, alianza kwa shikamoo, akauliza hali ya miguu yangu, akauliza kama mvua imenyesha huku mjini, na alivyozidi kuuliza ndivyo nilivyozidi kujua anachotaka kusema. Fundi amefariki. Alikuwa nyumbani kwake Igoma, ameswali alfajiri, amejinyoosha kidogo apumzike, na hakuamka tena. Tulimzika siku ile ile baada ya alasiri. Nilikwenda na fimbo yangu nikarudi na fimbo yangu, na tangu hapo nina hasira ambayo nimeshindwa kuimeza. Wasomaji wa safu hii mmenivumilia kwa mengi, nivumilieni na hili.

Kisa cha hasira ni wasifu wa marehemu. Kabla ya jeneza kuondoka, msemaji wa familia, mtoto wa mdogo wake, alisimama akatusomea. Kazaliwa Mwanza mjini, kasoma madrasa, kajifunza ushonaji, kaoa, kapata watoto na wajukuu, kaugua presha kwa muda mrefu, Mungu kampenda zaidi. Yote yalikuwa kweli, na yote ungeweza kumsomea fundi cherehani yeyote wa kando ya ziwa hili bila kubadilisha neno. Nikamvuta pembeni. "Mbona hukuitaja ile picha?" Akanitazama kama anayesubiri nimalize. "Picha gani, babu?" Nikamwambia, picha ya Kampala. Akatabasamu. "Aa, ile hadithi yake ya jini." Jini! Nilishika fimbo vizuri zaidi, nikakumbuka tuko msibani, nikaiacha. Mtu anaishi na jambo moja kifuani maisha yake yote, halafu aliyekula ugali wake tangu utotoni hajui hata kulitaja sawasawa.

Simtaji jina, safu hii haina desturi hiyo, na kusema kweli hata yeye jina lake lilikuwa kwenye kadi tu. Mji mzima ulimwita Fundi. Baba yake alikuwa Mmanyema aliyefuata biashara akaishia hapa, mama yake Msukuma wa Usagara. Miaka ya hamsini alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwenye kibaraza cha duka la vitambaa karibu na soko. Mimi nilikuwa karani kijana katika kiwanda cha kuchambulia pamba, na karani wa enzi zile alitakiwa avae suruali iliyonyooka hata kama mfukoni hamna kitu. Fundi ndiye aliyeninyooshea. Alishona vizuri ila taratibu, kwa sababu mguu wake haukuweza kukanyaga cherehani wakati mdomo unasema, na mdomo ulikuwa unasema. Yeye aliniita Karani mpaka mwisho, hata baada ya mimi kustaafu na ukarani wenyewe kusahaulika.

Ugonjwa wake wa picha haukuanzia Kampala. Wakati wa mkoloni kulikuwa na gari la sinema la serikali lililozunguka vijijini na mjini. Liliegeshwa uwanjani wakati wa magharibi, likatundikiwa shuka jeupe, tukaonyeshwa namna ya kunawa mikono na namna ya kupanda pamba kwa mistari. Picha moja ilikuwa na wakulima wawili, mmoja hodari, mwingine mvivu. Hodari alipanda kwa mistari akapata baiskeli. Mvivu alilala kivulini, shamba likaingiwa na magugu, mkewe akarudi kwao. Tulimcheka mvivu uwanja mzima, maana hicho ndicho tulichoitiwa. Fundi akainuka katikati ya mwanga, kivuli chake kikafunika shuka lote, akapaza sauti: "Huyu mtu mgonjwa! Hamuoni anavyoshika ubavu? Mbona hakuna anayemuuliza?" Bwana wa sinema akamfokea akae chini. Alikaa, lakini wiki nzima iliyofuata nilipokwenda kuchukua suruali yangu nilikuta haijaguswa, na badala yake nikapewa maelezo kamili ya kichomi cha mkulima yule. Nilikasirika sana. Nilimwambia ile ni picha tu, yule mtu ameambiwa alale kivulini akalala. Akanijibu, "Ameambiwa alale. Hakuambiwa ashike ubavu." Ukibishana na mtu wa namna hiyo unapoteza siku yako.

Basi tukapata uhuru. Tulicheza, tulilia, tuliimba mpaka sauti zikakauka, na miezi ikapita tukazoea. Katika miaka ile ya mwanzo, mtoto wa dada yake Fundi akaposwa Kampala, na Fundi akapanda meli kwenda kumwoza, amebeba dagaa na suti aliyoishona mwenyewe. Wenzetu wa huko walikuwa wameanza kupata televisheni. Sisi hatukuwa nayo, na kwa miaka mingi baadaye hatukuwa nayo, kwa kuwa wakubwa waliona ni anasa na nchi ina mambo ya maana zaidi. Harusi ikaisha salama. Jioni ya kuamkia safari ya kurudi, Fundi akatoka kwenda kutafuta nyuzi za rangi ambayo Mwanza ilikuwa imeadimika, na njiani akakuta kundi la watu wamesimama mbele ya duka moja la mtaani. Ndani ya kioo cha duka kulikuwa na sanduku, na ndani ya sanduku kulikuwa na watu wanatembea. Akajipenyeza mpaka mbele. Sauti haikutoka nje ya kioo, na hata ingetoka isingemsaidia kitu, maana Kiingereza chake chote kilikuwa cha kupimia kiuno na mabega.

Alichokiona nimekisikia mara nyingi kuliko hotuba yoyote ya maisha yangu, kwa hiyo nakisimulia bila kusitasita. Usiku, chombo cha mviringo kinashuka kutoka nyotani, kinatua katikati ya shamba la mahindi. Mahindi yanalala chini. Mlango unafunguka, anatoka mtu mrefu mwembamba, kichwa kama boga, macho makubwa, nguo hazina hata kifungo kimoja. (Hapa alikuwa akinyamaza kidogo kila mara, kwa sababu nguo isiyo na kifungo wala mshono ilimsumbua kikazi.) Watu wa kijiji wanatoka na bunduki na mbwa. Yule mtu anakimbia, anaanguka, anainuka, anafika kwenye nyumba moja iliyo peke yake. Ndani kuna mwanamke, yuko peke yake, amekaa karibu na taa. Yule mtu anainua mkono wake wenye vidole virefu, anagonga mlango. Anangoja. Anagonga tena. Anangoja. Mwanamke anainuka, anakuja, anapeleka mkono mlangoni. Hapo hapo picha ikakatika, akatokea bwana mwenye meno meupe ameshika sabuni. Na kabla bwana wa sabuni hajamaliza, mwenye duka akazima sanduku lake, akatoka, akashusha mlango wa chuma, akaenda zake kula.

Watu wakatawanyika. Fundi akabaki na mlinzi wa duka. Mazungumzo yao nayajua kwa moyo.

"Bwana, yule mama alifungua?"

"Mama yupi?"

"Wa humo ndani ya kioo."

"Duka limefungwa, mzee. Njoo kesho."

"Kesho napanda meli."

"Basi safari njema."

Alirudi Mwanza amebeba nyuzi na swali. Siku ya kwanza tu baada ya kushuka bandarini alitusimulia pale kibarazani, na neno alilolichagua ndilo lililoleta matatizo yote. Hakusema jini, hakusema zimwi, hakusema mtu wa nyotani. Alisema Mgeni. "Mgeni akagonga. Mgeni akangoja." Kwa Kiswahili chetu, ukishasema mgeni umeshaita kigoda na maji ya kunywa, na huwezi tena kumrudisha akawa kitu cha kutisha. Kinamama waliokuja kuchukua magauni walimsikitikia. Mmoja akauliza kama alikuwa amekula. Mwingine akasema si vizuri kumwacha mgeni amesimama, hata kama ana kichwa cha boga, amezaliwa hivyo afanyeje. Na Fundi alishikilia jambo moja ambalo mtu wa Ulaya aliyeitengeneza picha ile, naapa, hakuwahi kulifikiria. Kule kugonga kulikuwa hodi. Mgeni alipiga hodi ya kwanza akangoja, akapiga ya pili akangoja, na sisi sote tumefunzwa kwamba zinapigwa tatu, ya tatu isipojibiwa unageuka unakwenda zako bila kinyongo. Ilikuwa imebaki moja.

Kulikuwa na mzee mmoja kutoka Mara, mnunuzi wa ngozi, ambaye l na r zilipeana zamu mdomoni mwake. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Huyo ni jini tu. Asifunguriwe mrango."

"Jini habishi hodi," Fundi akasema. "Jini anapita ukutani, mlango wa nini?"

"Haya, si jini. Ni mgeni. Wageni tuliwafunguria sisi, tukakaa nao miaka mingapi? Juzi tu ndio wameondoka. Wewe unataka tuanze tena?"

Hoja ilikuwa nzito na uhuru ulikuwa bado mbichi. Fundi aliacha mkasi wake.

"Mzee wangu, heshima yako. Wale walibisha hodi lini?"

Tulicheka mpaka mwenye duka akatoka kuangalia kuna nini. Mzee naye akacheka, akasema hapo ameshindwa, ila kwake yeye mrango ubaki umefungwa.

Ningependa kusema mambo yaliishia kwenye kicheko, lakini sisi ni watu wa kuharibu kila kitu kizuri kwa kukifanya siasa. Maneno yakatembea. Bwana mmoja mkubwa wa mtaa, ambaye uhuru ulimpa kiti na kiti kikampa masikio marefu, akasikia kwamba kuna fundi anawahimiza wananchi wafungulie wageni milango. Akamwita. Fundi akaenda, amevaa kanzu, akamsimulia picha yote tangu shamba la mahindi. Bwana mkubwa akasikiliza kwa uso wa jiwe, kisha akauliza swali moja: "Huyo mgeni ni wa taifa gani?" Fundi akajibu hajui, sauti haikutoka nje. Akaambiwa aende, awe mwangalifu. Alirudi kibarazani hana raha. Si kwa sababu ya kuonywa. Kilichomuudhi ni kwamba mtu amesikiliza kisa kizima na hakutaka kujua kama mlango ulifunguliwa.

Na yeye alitaka kujua. Hapo ndipo penye maisha yake, na ndipo mimi uvumilivu uliponiisha mara kwa mara. Kila aliyeshuka kwenye meli kutoka Uganda aliulizwa. Madereva, wafanyabiashara wa kahawa, masista wa hospitali, mwalimu aliyesoma huko. Wengi hawakuwa wamewahi kuona televisheni. Wachache waliokuwa wameiona walikuwa wameona mpira. Mimi nilijaribu kumsaidia kwa njia yangu. Nilimwambia, "Fundi, amefungua. Amempa maji. Wamekaa. Yameisha." Akanikata kwa jicho. "Ulikuwepo?" Nikasema sikuwepo. "Basi usinishonee kitambaa ambacho hukukipima." Nilimchukia kwa siku kadhaa. Unamwonea mtu huruma, unampa mwisho mzuri wa bure, anakurudishia.

Hapa nitoke nje ya kisa kidogo, maana kuna jambo linaniwasha. Uhuru ulipokuja, nchi ilikuwa kama nyumba moja kubwa yenye vyumba vingi, na wengine wetu tuliingia. Karani akawa karani mkuu, karani mkuu akapewa meza ya Mzungu na mlango wake wa mbao nzito. Tulistahili, sitaki maneno hapo, tulikuwa tunaijua kazi. Lakini wengine walibaki kibarazani, na kuna siku ikatoka amri kwamba vibaraza visafishwe, mji upendeze, mafundi waondoke. Fundi alibeba cherehani yake kichwani kwenda huku na kule, akaanza kufuatilia kibali cha kukaa mahali pengine. Alizunguka ofisi hadi viatu vikaisha soli. Kila mlango ulikuwa na mtu mweusi mwenzake ndani yake, na kila mmoja, nina hakika, angekuapia kwamba mlango wake uko wazi kwa mwananchi. Njoo kesho. Mhusika yuko semina. Mhusika amerudi semina, sasa yuko kikaoni. Mwishowe aliacha kufuatilia, akahamia Igoma wakati ambapo Igoma ilikuwa mashamba ya mihogo na barabara ya Musoma ikipita katikati, akapanga chumba, akaanza upya. Hakulalamika kwangu hata siku moja, na kutolalamika kwake kulinikera kuliko kama angelalamika.

Televisheni ilipotufikia na sisi, tayari tulikuwa wazee. Wanawe walimletea moja, wakaiweka sebuleni, wakamkabidhi kiti cha mbele. Alivaa shati safi siku ile. Alikaa mbele ya sanduku kila jioni kwa muda mrefu sana, akingoja picha yake itokee, na haikutokea. Ilitokea miziki, yakatokea mahubiri, wakatokea watu wa Ulaya wanaopendana na kuachana. Wajukuu wakawa wanabofya kutoka huku kwenda kule. "Hivi vyote," aliniambia, "na hakuna hata mmoja anayegonga mlango. Wanaingia tu." Nilipomweleza kwamba picha ile huenda ilishatupwa zamani, alisema picha haitupwi kabla haijaisha. Nikaacha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lingepaswa kunifurahisha. Miaka michache iliyopita nilikuwa Usagara kwenye posa ya kijana wa jamaa yangu, nikaketi jirani na bwana mmoja makanika mstaafu, mtaratibu, mwenye miwani mizito. Mazungumzo yakatupeleka Kampala, kumbe alikulia huko. Baba yake alikuwa dereva wa tajiri fulani, na jioni watoto wa wafanyakazi waliruhusiwa kuketi sakafuni sebuleni kwa tajiri watazame televisheni. Nikamuuliza kwa tahadhari, kama mtu anayevuta samaki mkubwa kwa uzi mwembamba: aliwahi kuona picha ya kiumbe kutoka nyotani, mahindi, mbwa, mwanamke peke yake? Akavua miwani. "Ya kichwa cha boga? Naikumbuka. Tulishindwa kulala." Sikumuuliza zaidi. Niliona haki ya kulisikia jibu kwanza si yangu.

Wiki ile ile nikamchukua Fundi kwa gari la mwanangu. Alivaa ile suti ya harusi ya Kampala, iliyokuwa imemlegea mabegani. Njia nzima hakusema neno, naye ni mtu aliyeshindwa kushona kwa sababu ya maneno. Tulikaribishwa vizuri, tukaletewa chai na viazi, tukaulizana habari za nyumbani mpaka nikataka kupiga kelele. Hatimaye Fundi akaweka kikombe chini.

"Ndugu yangu, mwenzangu huyu anasema uliiona. Naomba uniambie. Yule mama alifungua?"

Makanika alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema ovyo, na siku ile niliutamani uongo wake.

"Hapana, mzee. Hakufungua."

"Alipeleka mkono mlangoni. Niliuona."

"Alikuwa anatia komeo."

Fundi alimtazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka wenyewe juu ya meza, vidole vimekunjwa, akaugeuza upande mmoja, kisha upande mwingine, akijaribu. Kufungua na kutia komeo, mkono unakwenda sawa sawa.

"Na Mgeni?" akauliza. "Alikwenda wapi?"

"Sikumbuki, mzee wangu. Nadhani picha ilihamia kwa askari. Mwisho chombo kilipaa, lakini kama alikuwemo ndani sijui. Tulikuwa watoto, tulikuwa tunaangalia bunduki."

Fundi alishukuru. Alimaliza chai yake, kwa sababu kuacha chai ya mwenyeji ni utovu wa adabu, akaomba tuondoke. Ndani ya gari nilikuwa nimefura. Nilimkasirikia makanika kwa kumbukumbu yake, nikaikasirikia picha ya kipumbavu iliyopoteza njia ya mtu waliyemleta kutoka mbali vile, nikamkasirikia tajiri wa Kampala na sebule yake. Niliongea mimi mpaka tunafika Igoma. Yeye alitazama dirishani. Na kuanzia siku ile hakuisimulia tena picha yake, si kwangu, si kwa wajukuu, ndiyo maana kijana wa wasifu anafahamu habari za jini na hafahamu habari za hodi. Mji huu ulikuwa na kisa kimoja ambacho hakikutoka kitabuni wala redioni, na mimi ndiye niliyekipeleka kikapate jibu.

Nilimwona mara ya mwisho mvua zilipoanza. Alikuwa kitandani, amekonda, lakini macho yapo. Binti yake alituletea uji wa ulezi akatoka. Tukaongea habari za presha na za watu waliokufa kabla yetu. Halafu, bila mimi kumchokoza, akasema:

"Karani, yule bwana wa Usagara hakudanganya."

"Achana naye."

"Sikiliza. Aliitazamia wapi?"

"Si alituambia. Sebuleni kwa tajiri, sakafuni."

"Na mimi?"

"Barabarani. Nje ya kioo."

"Basi. Mkono ni ule ule mmoja, tumeuona wote wawili. Aliyekaa ndani aliona mtu anafunga. Mimi nilikuwa nje, na giza linaingia. Ningeona nini zaidi ya mtu anayekuja kufungua?"

Nikamuuliza, kwa ukali zaidi ya nilivyotaka, kama kwa hiyo amemsamehe yule mwanamke.

"Kwani nilimlaumu? Alikuwa peke yake, nje kuna mbwa na bunduki, na kichwa kile. Hata mimi ningekuwa ndani ningetia komeo." Akapumzika kidogo, pumzi ilikuwa haitoshi. "Lakini ningemjibu, Karani. Ningesema hata 'nani?' Ningesema 'leo hapana.' Angejua."

Hayo ndiyo ambayo hayakusomwa kabla ya jeneza kuondoka, na nimeyaandika ili yawepo mahali. Nimeyatafakari wiki hii nikiwa na hasira zangu zote, na ninaporudi kwenye miaka ile ya kusafisha vibaraza naona kwamba Fundi hakukosa kibali tu. Kukosa alikuwa amezoea. Alichokosa ni mtu mmoja, katika milango yote ile, wa kumwambia hapana, ili ageuke aende zake akiwa na heshima yake. Ninyi mlioko ndani leo, na mimi niliyewahi kuwemo, kufungua si mara zote kunawezekana, vyumba vina mipaka na hofu ni ya kweli. Lakini kujibu kunawezekana kila siku. Tukishindwa kumfungulia mtu, tumjibu, asibaki amesimama gizani miaka yote akidhani mkono anaouona unakuja kumfungulia.